Kidonge cha Watu Wawili

Baba,

Shikamoo. Huko uliko nadhani hakuna mtandao wala pa kuchajia simu, kwa hiyo nimechukua kalamu. Mvua za kwanza zimenyesha Piyaya. Ng'ombe wako wote wapo, na yule dume mwenye pembe iliyopinda bado anamsumbua kila anayepita. Mama ameanza kula vizuri. Ni mwezi wa tano tangu tukuzike.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya, lakini mimi nitakusema kidogo. Nilikukasirikia, Baba. Bora ulisikie kutoka kwangu.

Unaikumbuka siku nilipokuletea ile simu janja badala ya kitochi chako? Niliomba ruhusa ya siku mbili kazini, nikatoka Karatu alfajiri na kuacha rundo la mashuka ya wageni wa hoteli halijapigwa pasi. Nesi wa kliniki ya presha alikuwa amenionyesha programu ya kuwakumbusha watu dawa. Kila saa moja asubuhi simu inalia, inasema kwa Kiswahili kwamba wakati wa dawa umefika, halafu inakuja picha ya kidonge na kitufe cha kijani. Ukimeza, unabonyeza. Ukipanda kile kilima chenye mtandao, alama zako zote zinaniingia mimi huku Karatu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema simu hii ina adabu kuliko watoto wako, maana inakujulia hali kila siku na haiombi mbuzi.

Na ulibonyeza kweli. Kila Jumatano, ukishapanda kilima, alama za wiki nzima ziliingia kwa mkupuo, kijani tupu. Niliwaonyesha wenzangu wa chumba cha kufulia, nikajisifu. Hapo ndipo nilipokosea. Zamani Jumatano ilikuwa siku yetu ya kuongea. Nilikuuliza kichwa kinaumaje, miguu imevimba au la, nawe ulinigombeza kwa maswali mengi. Nikaacha kupiga. Nilijiambia alama zimeshanijibu, ya nini kumsumbua mzee? Miezi mitatu nilisoma alama zako, na sauti yako niliisikia mara mbili tu.

Kisha ukaanguka mlangoni pa zizi. Nilipofika, walikuwa wameshakufunika.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Mzee Loserian, mwenzako wa rika, alikuja kukaa karibu yangu. Halafu akafungua fundo la shuka yake, akatoa karatasi, na ndani yake nusu ya kidonge iliyokatwa kwa kisu.

"Baba yako hakuwahi kumeza dawa peke yake," aliniambia. "Tuligawana kila asubuhi. Hata mimi kichwa kinanigonga. Hii ni ya mwisho aliyonikatia, sikuweza kuinywa."

Nilielewa palepale. Tangu ujana wenu mtu wa rika hali peke yake. Maziwa mligawana, nyama mligawana, hata ugoro. Nesi alikueleza yote, saa ya kumeza na kupunguza chumvi, ila hakuna aliyefikiria kukwambia kwamba hiki hakigawanywi. Hata mimi, binti yako, niliyekulia kwenye boma lile lile. Simu ilikuuliza kama umekunywa, ukasema ndiyo. Hukudanganya.

Nilirudi kwa nesi nikamuuliza kama nusu ile ndiyo iliyokuua. Akasema hawezi kuapa. Na mimi siwezi. Nimejifunza kulala na jibu hilo.

Nilimpeleka Mzee Loserian kliniki. Nesi alimpima mara tatu, akidhani mashine imeharibika. Presha yake ilikuwa juu kuliko yako. Akapewa dawa zake mwenyewe, Mama akampa simu yako, nami nikamfundisha kubonyeza. Wiki mbili hakuna alama hata moja. Nilipomfuata, akaniambia bila haya: "Nikinywa peke yangu, nitakuwa nimemsahau." Baba, niliogopa. Niliona tunakwenda kumzika na yeye kwa ajili ya heshima.

Sasa nikwambie jambo ambalo Mama bado halijui. Siku ile kliniki nesi alinipima na mimi, kwa kuwa ni damu yako. Presha ninayo. Na dawa nimepewa. Kwa hiyo nilimwambia Mzee Loserian kwamba nami nina kidonge changu na sina wa kunywa naye. Akainamisha kichwa, akafikiri. Unajua mwenyewe, mzee na binti wa mwenzake hawali pamoja. Mwishowe akasema, "Kwenye simu sikuoni ukila." Akauliza ni saa ngapi.

Basi saa moja kila asubuhi nampigia, namkuta ameshapanda kilimani, anahema kama aliyefukuza fisi. Tunameza, yeye chake na mimi changu. Kisha ananipa habari za ng'ombe, na kunilaumu kwamba siku hizi naongea kwa haraka kama watu wa mjini. Alama yake ya kijani inaingia na jina lako, maana sijalibadilisha. Naiangalia, nafurahi, lakini siitegemei tena.

Hasira imekwisha, Baba. Ungemnyima mwenzako, usingekuwa wewe. Nakukumbuka zaidi asubuhi, kabla sijapiga.

Nakuaga sasa, chai inapoa na zamu yangu inaanza. Nakuahidi jambo moja tu. Asubuhi ambayo Mzee Loserian hatapokea, sitakaa kusubiri alama. Nitayaacha mashuka yalivyo, nipande gari la kwanza linaloelekea huko. Na safari hii nitafika mapema.

Binti yako,
Nasieku