Ndoo Moja, Makopo Mawili ya Rangi

Mpendwa mshauri, naomba msaada, ila nisikufiche, sijutii. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wanne, na baada ya miaka kumi na mitatu ya kushonea koridoni nimepata chumba changu, kile kilichokuwa stoo, nikanunua rangi nyeupe ya maziwa, lakini wifi yangu, huyuhuyu aliyechagua mpaka mapazia ya chumbani kwetu, akaleta rangi ya krimu eti ifanane na sebule, basi nikapaka viraka viwili ukutani nikamwita mume wangu aone krimu inavyotia chumba umanjano, hata uzi mweupe siutofautishi na wa krimu, akatazama weee, akasema, “Mama watoto, mbona hizi ni rangi moja,” na wifi akacheka, eti najifanya mtaalamu.

Siku ya kupaka nikatoka kupeleka sare za wauguzi, kurudi nakuta mume wangu amemwambia fundi rangi amimine makopo yote mawili kwenye ndoo moja akoroge, nusu yangu nusu ya dada yake, yaishe. Mshauri, niliipiga ile ndoo teke. Rangi ikatapakaa sakafuni na kwenye viatu vya fundi. Sasa Jumapili kuna kikao cha familia, natakiwa nimwombe wifi radhi mbele ya watu, nisipoomba chumba kinageuzwa cha wageni. Niombe?

Sijutii

Dada yangu Sijutii, pole, lakini kwanza nikugombeze. Fundi rangi alikuwa kazini, kama wewe unavyokuwa kwenye cherehani yako. Kesho asubuhi mfuate, umwombe radhi na umnunulie viatu. Radhi zako ziishie hapo.

Pili, acha kujificha nyuma ya uzi mweupe. Hata kama usingeshona kitu, chumba ni chako na rangi umeipenda, inatosha. Miaka yote hiyo ulinyamaza, wakazoea, na mazoea hayo umeyalea mwenyewe.

Mumeo haoni tofauti? Vizuri sana. Basi ukipaka yako hapotezi kitu. Mwambie hivyo leo, mkiwa wawili, bila kupandisha sauti.

Halafu nunua kopo jingine la rangi yako ya maziwa, fundi apake Jumamosi. Kikao kikifika, wakaribishe humohumo chumbani kwako, cherehani ikiwa mahali pake. Wakisubiri uombe radhi, mgeukie wifi yako umwambie, “Karibu chumbani kwangu. Ukuta haujakauka, usiegemee.”