Dirac ya Maka na Doa la Manukato

Waberi, Garissa
Jumanne, 4 Novemba 2025

Saynab mwanangu,

Asalaam aleikum. Takaba inasemaje? Mbuzi wazima, duka liko wazi, magoti yako yameacha kulia? Huku sote wazima, isipokuwa mimi.

Kwanza ujue, kuanzia hapa mpaka Diff hakuna mwanamume anayenishinda kufua. Hata dobi huja kuniuliza. Haya, uongo. Sijawahi kufua hata kofia yangu. Hooyo wako Maka, mama yako, Allah amrehemu, alikuwa akininyang'anya beseni akisema nitaua nguo.

Leo nimeua. Ni dirac yake, ile nguo ndefu nyeupe ya harusi, ambayo binti yako Barwaqo ataivaa Ijumaa akiolewa. Niliitoa sandukuni nikaona haina tena harufu ya hooyo, ina harufu ya sanduku. Nikamimina kifuani mafuta yake ya manukato yaliyobaki. Ikalowa. Nikaitandaza juu ya chetezo ikaukie kwenye moshi wa uunsi, ubani wetu, kama nilivyomwona yeye akifanya. Sasa ina doa la kahawia, kubwa kama mkate wa anjera.

Sipigi simu kwa sababu bintiyo yuko hapa na masikio yake. Nakuandikia kwa simu nikiwa nimejifungia bafuni na chupa ya jiki ya kung'arishia nguo. Nimwage?

Aabe yako

*

Takaba
Jumanne, 4 Novemba

Aabe,

Waaleikum salaam. Magoti yanalia, mbuzi wazima, na sasa moyo ndio mgonjwa. Weka jiki chini! Toka bafuni!

Hooyo alikuwa akifukiza nguo kavu, Aabe. Mafuta alijipaka shingoni. Wewe umeyapika ndani ya kitambaa.

Tandaza dirac kivulini, taulo chini ya doa. Funika doa kwa unga laini wa mahindi, uache unywe mafuta mpaka alasiri, kisha upepete. Tia tone la sabuni ya vyombo, sugua kwa ncha ya kidole, si kama unampiga punda. Suuza. Likibaki, changanya siki nyeupe na maji, lowanisha, suuza tena. Ila kila kitu ujaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Pasi marufuku, jua marufuku, joto hulifunga doa.

Barwaqo alikataa nguo zote dukani kwa ajili ya hiyo ya ayeeyo, bibi yake. Mimi natoka kesho asubuhi kuja huko.

Binti yako Saynab

*

Takaba
Alhamisi, 6 Novemba

Aabe,

Salaam. Uko mzima? Mbona kimya? Laga, ule mto wa njiani, imejaa, gari letu limerudi na abiria wote. Sitamwona binti yangu akiolewa. Niambie basi japo nguo imepona.

Saynab

*

Waberi
Jumamosi, 8 Novemba

Saynab mwanangu,

Asalaam aleikum. Futa machozi usome. Nilinyamaza kwa kuogopa kusherehekea mapema.

Wallahi, nimeona ukame, mafuriko na wabunge, lakini sijaona kitu kama ule unga. Kufika alasiri ulikuwa umegeuka manjano, umeshikana, umelewa mafuta. Kitu cha ugali! Sabuni ikatoa maji ya rangi ya moshi, siki ikamaliza. Nikasema subhanallah kwa sauti mpaka jirani akauliza nani amekufa.

Doa lilipokwisha, pale pale chini yake nikaona lingine, dogo, jekundu. Nikatia siki. Halikusogea. Nikavaa miwani. Kidole gumba, Saynab! Mistari yote. Ni hina ya harusi yetu, bibi harusi hakusubiri ikauke akashika nguo. Nimeishi na yule mwanamke mpaka nikamzika, sikujua aliacha alama yake hapo. Nikalia, mimi ninayecheka hata matangani.

Nikamwita Barwaqo nikakiri yote, nikasubiri matusi. Aliinama akapatazama kwa karibu. Kisha akasema, "Awoowe, babu yangu, ukipagusa tena nakukata mkono."

Jana alikuwa akitoka amevaa dirac, na hina yake mpya ya juzi. Mlangoni akasita, macho yanakutafuta wewe. Halafu akaweka kidole gumba chake juu ya kile cha Maka. Kikaenea, hakikuzidi wala kupungua. Akanyanyua kichwa, akatoka. Hata kwa wale wanawake wenye mdomo, vigelegele vilichelewa.

Njoo laga ikipungua, umwone mwenyewe. Na usije mikono mitupu. Idi nilikulindia watoto ukaenda sokoni, ukaapa utanipindia kikoi changu kipya. Mpaka leo nakikanyaga. Beba sindano na uzi wa bluu.

Aabe yako