Gari Lisilo na Doa

Achana na kazi kidogo usome hii. Leo ndio Bibi Metrine ametuambia Nabututu, yule dadake baba, alikufaje.

Mwaka wa hamsini na tatu Babu Khaemba alikuwa dereva wa Bwana Gurcharan, mwenye kiwanda hapa Kisumu. Maji ya kiwanda yalilainishwa kwa chumvi yasiharibu boila. Povu la sabuni yalitoa, lakini gari jeusi la Gurcharan likioshwa nayo na kukauka lilibaki na madoa meupe.

Siku ya harusi ya bintiye, Gurcharan akaliangalia. "Khaemba, gari yangu imeshikwa na ukoma? Suuza na ile ya chupa."

Ile ya chupa. Maji yaliyotokana na mvuke, safi kabisa, ya kutia kwenye betri. Mengine yalipelekwa zahanati kuchanganyia dawa ya sindano.

Babu akamwaga yote. Gari likang'aa mpaka akauona uso wake.

Mchana huohuo Bibi alikuwa zahanati na mtoto wake Nabututu, aliyekuwa amebanwa na kifua. Dawa ipo, maji hakuna. Muuguzi akamwambia, "Mama, kiwanda kinasema yameisha."

Yameisha, fikiria.

Kesho yake Gurcharan, kwa huruma, akatoa gari libebe maiti ya mtoto. Babu akaendesha. Bibi anasema halikuwa na doa hata moja.