Nywele za Wifi Zilitoka Mkononi mwa Shangazi

Mpendwa mshauri,

Naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga mwingine juu ya ule nilioufanya. Mimi ni msusi, mwaka wa kumi na moja huu, nina saluni ndogo ya viti vitatu, wateja wananiita Fundi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninajua ninachokifanya, labda hilo ndilo lililoniharibu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipata kazi ya mapokezi katika hoteli moja, kazi aliyoihangaikia miaka mitatu, akatakiwa aanze Jumatatu, basi Jumamosi akaja saluni mbio mbio, akajitupa kwenye kiti akasema, "Wifi, nisuke vidogo vidogo vya kurudi nyuma, vinikae miezi miwili nisihangaike." Nikamfungua kitambaa nikaona. Mshauri, kichwa kilijaa mba, na si ile kavu inayopeperuka ukipitisha kitana, ni ile ya mafuta, ya manjano manjano, imegandia kwenye ngozi kama ukoko, na chini yake pamevimba, kwingine amejikuna mpaka panatoa maji. Nilijua kabisa kichwa kile hakisukwi. Lakini alinitazama kwenye kioo akasema, "Wenzangu pale wote vichwa vyao vinapendeza, usiniaibishe," na mimi nikaona sifa, nikawaza kila atakayeingia hotelini atamuuliza nani kakusuka. Nikakwangua ule ukoko kwa ncha ya kitana, nikapaka mafuta mazito mpaka mabaki yakapotea, nikasuka kwa uzi, tena kwa kukaza, mpaka nyusi zikapanda. Akasema, "Wifi, inavuta." Nikamjibu, "Vumilia, siku tatu itakuwa imelegea."

Haikulegea. Akawa anajipiga kichwa kwa kiganja, mara anachokonoa kwa kifuniko cha kalamu, vipele vya usaha vikamtoka kuzunguka paji la uso, akanipigia simu, nikamwambia aongeze mafuta, naye akaongeza mafuta miezi miwili na nusu. Siku ya kufumua alinitafuta mimi, nikasema nimezidiwa na wateja, kumbe niliogopa kukiona kichwa kile, basi akafumuliwa na shangazi yao, mama mtu mzima aliyewalea yeye na mume wangu na aliyekuwa akiishi kwa huyo wifi. Jioni nilipita kurudisha sufuria nikawakuta sebuleni. Shangazi akashika msuko mmoja wa mbele, hata hakuuvuta, ukatoka wote na mizizi yake, ukalala kwenye kiganja chake. Akashika wa pili, vilevile. Wifi akapapasa kichwa, akaruka wima akapiga kelele, "Shangazi, umenifanya nini? Una mikono gani wewe?"

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria yao. Nikaiweka chini, nikaondoka.

Ile hasira ingepita, lakini jirani akaja kuchochea kwamba wapo watu wenye mkono mbaya, wakigusa kichwa chako umekwisha, na wifi akaamini. Kazini akaanza kufunga kitambaa, msimamizi akamwambia mapokezi hawafungi vitambaa, akahamishiwa nyuma kwenye chumba cha kufulia, kukunja mashuka. Siku hiyo hiyo alirudi nyumbani akamwambia shangazi atafute pa kukaa.

Na pa kukaa ni kwangu. Huu mwezi wa pili. Shangazi hagusi tena kichwa cha mtu. Juzi binti yangu mdogo alimletea kitana amchane aende shule, akaificha mikono chini ya mapaja akasema, "Mpelekee mama, mikono ya bibi inauma." Na kila asubuhi nikimpa chai ananiambia, "Ahsante mwanangu, wewe ndiye umenisitiri," na mimi naitikia, "Usijali, shangazi," halafu naenda kazini kusuka watu. Mume wangu hajui kitu. Nikisema, wifi atanitangaza mji mzima, na tena sijui hata nitasema nini, maana sielewi kama zile nywele zimetolewa na mba au na mimi, wala kama zitarudi. Nifanye nini?

Msusi

*

Msusi,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Ya pili nilifika kwenye ile chai ya asubuhi nikaiweka barua chini, nikatoka nje kidogo.

Tuanze na kichwa, kwa sababu unajificha nyuma ya kutokujua. Nimemuuliza daktari wa ngozi ninayemwamini. Mba peke yake kwa kawaida haimfanyi mtu kuwa na kipara. Kichwani kwa kila mmoja wetu kuna kuvu wadogo wanaokula mafuta ya ngozi. Kwa watu wengine ngozi hukasirishwa nao, ikawasha, ikavimba, ikabanduka. Ngozi iliyovimba hivyo haishiki nywele vizuri, na mwenyewe akijikuna anazidi kuzikata na kuzing'oa. Lakini hizo, ngozi ikitulia, mara nyingi huota tena.

Sasa njoo kwako. Juu ya ngozi inayolia ulimwaga mafuta, yaani ukawaandalia wale kuvu karamu, kisha ukakaza nywele miezi miwili na nusu. Kuvutwa huko ndiko kunakodhuru mizizi ya mbele na ya kwenye panja, na pakishakuwa kovu, hapaoti kitu. Kwa hiyo usiniulize ni mba au ni wewe. Mba ilimletea maradhi yanayotibika, wewe ukayafunika na kuyafunga kwa uzi. Shangazi alipokea tu nywele zilizokwisha kuachia.

Wala hujui kama ilikuwa mba kweli. Mapunye nayo hubanduka vivyo hivyo, huambukiza, na huhitaji dawa ya kumeza. Kile kitana ulichokwangulia vidonda vya wifi, kiliingia kichwa cha nani baadaye? Umekaa miaka kumi na moja kwenye kazi hii, ndugu yangu. Osha vifaa vyako kwa dawa kila unapomaliza mtu, kuanzia leo.

Naelewa hofu yako. Ukimya ulianza kama kitu kidogo pale mlangoni, na kila kikombe cha chai kimeuongezea uzito. Lakini mama mzima anaogopa mikono yake mwenyewe, mikono iliyomlea mumeo, nawe unapokea shukrani zake! Hiyo hairekebishwi kwa kumpa godoro zuri.

Fanya hivi. Mwambie mumeo kwanza, leo. Kisha wakutanishe wifi na shangazi chumba kimoja, useme mbele ya wote wawili. Usiseme "nilidhani" wala "bahati mbaya." Sema, "Niliona kichwa kinaumwa, nikasuka." Ukimaliza nyamaza, wakutukane. Kisha mpeleke wifi kwa daktari wa ngozi, uende naye, ueleze ulichokifanya, maana daktari hatibu asichoambiwa. Mwombeni barua ya kumruhusu kufunga kitambaa kazini. Daktari akithibitisha ni mba, shampuu ya dawa mara mbili kwa wiki, povu likae kichwani dakika tano ndipo alisuuze. Mafuta mazito kwenye ngozi, basi. Kusuka, kubandika, kukaza, basi, mpaka daktari aseme. Na mteja mwingine akikujia na kichwa kama kile, mwambie hakisukwi, hata akilia.

*

Wiki sita baadaye msusi aliniandikia tena, naye ameniruhusu kuichapa barua yake.

Mshauri, nilisema. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, jikoni kwangu, mume wangu ameegemea friji. Wifi hakunitukana. Alifungua kitambaa akainamisha kichwa mbele yangu akasema, "Angalia vizuri. Angalia mpaka utosheke." Nikaangalia. Daktari amesema ilikuwa mba na uvimbe wake, si mapunye. Katikati zimeanza kuota, laini kama za mtoto mchanga. Kwenye panja, upande wa kushoto, hakuahidi kitu. Barua ya kitambaa aliandika, na hoteli wamemrudisha mapokezi.

Wifi alimpigia shangazi magoti palepale jikoni, wakalia wote. Mimi shangazi aliniambia neno moja tu: "Kila asubuhi nakushukuru, na wewe unaitikia." Akafunga mizigo yake akarudi kwa wifi. Nikipiga simu hapokei. Mume wangu anasema niache muda upite, yeye atakwenda kuniombea msamaha.

Wateja wengine wamekimbia kweli. Lakini Jumamosi wifi aliingia saluni watu wamejaa, akakaa kwenye kiti changu, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nioshe tu. Ukigusa uzi, naondoka." Nikamwosha. Povu nikaliacha dakika tano, nikalisuuza. Alipoondoka aliniachia chupa ya ile shampuu ya dawa, akasema ikae pale pale kwenye rafu, atarudi Jumatano.

*

Basi Jumatano mwoshe tena, na usimlazimishe kuongea.

Kuhusu shangazi, mumeo akae nyumbani. Uliyemkosea hukumkosea kwa niaba ya mtu, na msamaha hauombwi kwa kutumana. Nenda wewe, mchana, miguu yako mwenyewe, ubishe hodi. Asipokufungulia, msalimie kupitia mlangoni, umwambie umekuja, uondoke. Wiki inayofuata nenda tena.