Nilivyoanguka Mkuyuni Nikiweka Maduka Kwenye Ramani

Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua tangu baridi ya huko Mbinga ipungue, na Baba anameza dawa zake bila kusukumwa. Mimi sasa ni mzima. Nimeandika badala ya kupiga, maana kwenye simu ungesikia neno "kuanguka" tu, mengine yasingekuingia.

Unajua kampuni yetu inauza gesi ya kupikia. Kazi yangu ni kuzunguka na simu nikiweka alama kwenye ramani kila penye duka la mitungi, ili ofisi ijue wapi pa kufungua ghala na gari lipite njia gani. Siku hiyo nilikuwa Mkuyuni, juu kabisa, kwenye nyumba zilizojengwa katikati ya mawe. Mvua ilikuwa imenyesha. Niliteleza, nikatumbukia kati ya miamba miwili, mguu ukavunjika.

Nikamtumia dereva wetu, Hamisi, mahali nilipo. Akaja mbio, akapiga simu.

"Tumaini, ramani inasema nimefika ulipo. Mbona sikuoni?"

"Niko chini yako, kaka!"

Akazunguka mawe, asione pa kushukia. Maumivu yalinizidi, Mama. Nikaanza kukuita wewe kwa sauti, kama mtoto.

Aliyeitika ni muuza dagaa wa jirani, Mama Nkwimba. "Nakuja, mwanangu, usijitikise!" Alipenya kwenye upenyo anaoujua mwenyewe, akanishika kichwa, akaita majirani. Waling'oa mlango wa jiko lake, wakanilaza juu yake, wakanishusha hadi kwenye gari.

Hospitali nililia zaidi kwa ajili ya kazi, maana mimi ni wa mkataba. Lakini bosi alikuja mwenyewe: "Pona kwanza. Nafasi yako ipo." Tangu hapo nakaa ofisini, nachora kwenye ramani vijia vya mlimani ambavyo Mama Nkwimba ananielekeza kila anaponiletea uji, na vijana wetu wanavipita na mitungi. Juzi hospitali wamenifungua hogo, ile plasta ngumu ya mguuni. Natembea taratibu, namshukuru Mungu.

Nisalimie Baba, na dada Anna na mimba yake, na shangazi wa dukani.

Jumapili ukitoka kanisani nitakupigia. Mama Nkwimba anataka kuongea nawe. Anasema amekuwa akiniita mwanangu bila kukuomba ruhusa.

Mpe, Mama.

Binti yako,
Tumaini