Mkaidi Si Mhujumu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia marahaba, lakini nisipokuamkia kwanza nitaonekana sina adabu, na mwezi huu nimeshasemwa vya kutosha. Baba, nimeshtakiwa! Mimi mwanao, kwenye mkutano wa mfongo, mbele ya ukoo na majirani wote wanaonywesha mashamba kwa mfereji huo. Usishtuke. Nacheka hapa ninapoandika.

Tangu tukuzike, Baba mdogo Elia ndiye mwenyekiti wa mfereji. Anajitahidi, simnyimi haki yake. Banio la maji halivuji, na siku ya kuzibua hakuna anayejifanya mgonjwa. Lakini alipopanga zamu upya, wajane wote akawasukumia Jumapili asubuhi. Jumapili, Baba! Mama aende kanisani, au ashinde kihambani, kwenye migomba yetu, na jembe akigeuza maji? Jumapili mbili alikosa ibada. Ya tatu akaenda, maji yakapita zake bila kuingia kwetu. Na kiangazi hiki, weee! Migomba ikaanza kunyauka, na Mama akaanza kunyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lililoniuma.

Nilimwendea Baba mdogo mara mbili. Zote mbili alinijibu, "Zamu imeshapangwa." Basi Jumamosi, siku yetu ile ya zamani, nikavaa mabuti yako, yananipwaya lakini yanafaa, nikachukua jembe. Nikaondoa gogo la mgomba na tope pale maji yanapoingilia kwetu, nikayafungulia. Saa tatu asubuhi, jua linawaka. Kila aliyepita nilimsalimia. Baba mdogo mwenyewe akapita, nikamwamkia. Akaongeza mwendo, macho yamemtoka.

Wiki iliyofuata nikaitwa. Shtaka: kuhujumu uongozi. Moyo ukanilipuka paa, kwa sababu sheria za mfongo uliziandika wewe kwa mkono wako, na nazijua. Mkaidi analipa debe la mbege, pombe ya ndizi. Mhujumu anafutwa kwenye zamu, yeye na nyumba yake. Yaani Mama asingepata hata tone, kwa kosa langu mimi.

Nikasimama. Nikakukumbuka pale jikoni ukimenya ndizi, mwalimu wa Kiswahili asiyekubali kustaafu, ukiniambia, "Usimpe mtu jina la kosa ambalo hakulitenda." Nikawaambia hivi: anayesonya mwenyekiti akiongea, huyo anadharau. Anayesimama mkutanoni akasema hapana, na sababu anazo, huyo anapinga, na kupinga si kosa popote kwenye daftari la Baba. Aliyeagizwa, akasikia vizuri kabisa, asitii, huyo ni mkaidi. Akitangaza kwamba hamtambui tena mwenyekiti, akaenda kuchimba mfereji wake, huyo ameasi. Sasa mhujumu, yeye hasemi hapana. Anaitikia "ndiyo mwenyekiti", anacheka naye, halafu anakwenda kutoboa kingo watu wasipoona, ili mfereji ubomoke na mwenyekiti aonekane hafai.

"Mimi nilipinga mara mbili, nikakaidi mara moja," nikasema. "Mhujumu gani anafungulia maji mchana kweupe, tena anamwamkia mwenyekiti?"

Mae! Watu walicheka, Baba. Yule bibi jirani yetu wa juu akapaza sauti, "Huyu ni mkaidi tu, tena wa kurithi!" Baba mdogo akajikaza, akajikaza, mabega yakaanza kumtikisika. Mwishowe alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia.

Wakaamua palepale: nilipe debe langu, na wajane warudishiwe siku zao. Faini ilishangiliwa kuliko hukumu, maana wanywaji ni wao. Na mimi nilipewa kibuyu, nikanywa faini yangu mwenyewe.

Kesho yake nikakata jani la isale, nikampelekea Baba mdogo kumwomba radhi kwa ukaidi. Unajua isale halikataliwi. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Niliogopa watasema siwezi kiti cha kaka." Nikalia. Na yeye akalia. Mama mdogo akatuletea kiburu cha ndizi na maharage, tukala tukiwa bado tunafuta pua. Miezi yote hiyo, Baba, sikuwahi kufikiri kwamba na yeye amefiwa.

Sasa hili usilicheke: wamenifanya katibu wa zamu. Orodha yangu ya kwanza niliisoma kwa madaha, na kabla sijamaliza, mke mmoja kijana aliyeolewa juzijuzi akasimama akasema nimepanga vibaya. Baba, neno hujuma lilinijia! Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikalimeza, nikamwambia aeleze. Na kweli, wanawake wote wanaouza ndizi nilikuwa nimewapa zamu siku ya gulio. Nikafuta, nikaandika upya.

Nakuahidi hivi: atakayenipinga usoni nitamsikiliza mpaka amalize, hata akinikera. Pumzika, Baba. Aika, asante kwa kila neno. Jumapili iliyopita Mama alikuwa kanisani, anaimba kwa sauti ile unayoijua, ya kuwafunika wenzake wote, na kihamba kilikuwa kimelowa tangu jana yake.

Mwanao mkaidi,
Aikande