Picha za Kupamba Zimekataa Kufunguka

Jumatano, baada ya alasiri. Mvua imekatika lakini joto halijakatika. Kuta za chumba zatoka jasho, na mimi pia. Sijala tangu asubuhi. Nimekaa mbele ya hii kompyuta nikiitazama kama jamaa aliyenitia aibu mbele za watu.

Laiti ningeiacha na mfumo wake wa zamani! Ilikuwa nzito, ndiyo, ikikwama kila mara, lakini vitu vyangu ilikuwa ikivifungua. Juzi juzi ikaniambia kuna mfumo mpya, nikasema haya, tia. Ikazima, ikawaka, mapambo matupu. Nikafurahi kama mjinga.

Niwaeleze msionijua. Mimi ni mpiga picha wa shughuli za wanawake hapa Mji wa Kale. Kazi yangu hasa ni usiku wa kupamba, pale bibi harusi anapotolewa akaonwa na wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa mlangoni, simu zinaachwa mlangoni, na mwenye kamera ni mimi tu. Humo ndani watu wameachia nywele, mabega wazi, wanacheza chakacha mpaka jasho. Picha hizo zikitoka nje, nimevunja heshima za watu.

Kwa hivyo nina utaratibu wangu. Shughuli ikimalizika nazihamishia kwenye kompyuta, nazibana zote ndani ya faili moja kama robota la mitumba, natia neno la siri. Kisha kadi ya kamera naifuta mbele ya mama mwenye shughuli, aone kwa macho yake. Nakala ya pili sina. Siweki mtandaoni, siweki kwenye diski nyingine. Ndiyo sifa yangu mjini, na nilijivunia sana.

Sasa faili la shughuli ya bibi harusi mmoja, Rukia, halifunguki.

Nilipolibonyeza, mfumo mpya ukaniuliza kama nataka libadilishwe liendane nao. Nikabonyeza ndiyo, hata sikusoma. Likaenda nusu, likakwama. Tangu hapo kila likiguswa linasema limeharibika. Nimelijaribu kwa kompyuta ya kakangu yenye mfumo wa zamani, jibu ni lile lile. Yale mafaili mengine siyagusi. Naogopa.

Ingekuwa hasara ya kawaida ningeomba radhi, yakaisha. Lakini mamake Rukia, Bi Zuhura, alifariki mwezi uliopita. Mama yule hakupenda picha maishani mwake. Ukimwelekezea simu, uso anaufunika kwa leso. Usiku ule wa kupamba tu ndio aliokubali, kwa kuwa alikuwa anamuoza binti yake wa pekee. Albamu sikuitengeneza kwa sababu aliniambia, "Salma mwanangu, usichague weye. N'takuja nichague mwenyewe." Maradhi yakamuwahi.

Hitima ilipokwisha, Rukia akaja kutaka picha za mamake. Nikamuomba anipe siku chache.

Nilianza na binti mmoja wa Ganjoni anayefundisha kompyuta, kwa kuwa ni mwanamke. Akahangaika nalo kutwa, akaniambia limemshinda, nimuone Abdalla. Abdalla ni fundi wa kompyuta, duka lake liko Ndia Kuu, mtu wa heshima zake, haikosi swala ya jamaa msikitini. Akasema zipo picha zitakazookoleka, si zote. "Lakini dada, nikwambie kweli. Itabidi unipe neno la siri, na nizitazame moja moja, nijue ipi imetoka nzima na ipi imekatika. Kufumba macho sitaweza."

Alisema hivyo ameinamisha kichwa. Angekuwa mtu mbaya ningemkatalia kwa raha.

Jana nilishinda nalo hilo. Nikajishawishi kuwa ni mtu mmoja tu, tena mcha Mungu. Nikajijibu: na wale wanawake wengine waliovua mabuibui kwa kuniamini mimi, nao nimewauliza? Yarabi, kamba hii nimeisokota mwenyewe.

Leo asubuhi nikaenda kwa Rukia, nikamwambia yote. Kisha akasema, "Mamangu hakuonwa nywele na mwanamume asiye maharimu wake mpaka anaingia kaburini. Leo nimtoe mimi, dukani kwa mtu? La, Dada Salma. Acha zife."

Acha zife.

Nikalia mimi, na aliyefiwa ni yeye. Akaniletea maji, aibu iliyoje! Halafu akaniomba kitu, na heri angenitukana. Akasema usiku ule aliketi jukwaani ameinamisha macho kama bibi harusi anavyotakiwa, hakuthubutu kuinua uso. Vigelegele alivisikia, akasikia watu wakisema mamake yuwacheza, lakini hakumuona. Alijiambia atamuona kwenye picha. "Weye ulimuona. Nambie tu alikuwaje."

Nikafungua kinywa.

Sikuwa na kitu, wallahi. Rangi ya nguo yake siikumbuki. Nywele zake sijui alizisuka ama alizibana. Usiku mzima nilikuwa nikitazama taa, nikitazama kama betri itafika, na moyoni nikijua kila kitu kimo ndani ya kamera, mimi sina haja ya kukishika. Nimewapiga picha wanawake wa mji huu miaka yote hii, na sidhani kama nimemuona hata mmoja.

Kimoja tu kilinijia, nikakitoa kwa kuwa sikuwa na kingine. Nikamwambia mamake nilimgombeza. Picha zilikuwa zikitoka na ukungu kwa vile hakai mahali pamoja, nikamwambia, Bi Zuhura, hebu tulia kidogo nikupate.

"Akatulia?" Rukia akaniuliza.

"Hakutulia."

Akajiziba mdomo kwa leso. Sijui alikuwa akilia ama akicheka, na mimi sikuwa na uso wa kumtazama. Nikaaga, nikashuka ngazi.

Ijumaa nina kupamba kwengine, nilishakubali. Nikiiweka kamera chini nimtazame mama mwenye shughuli, nani atampiga picha? Na nikimpiga picha, nani atamuona?